Vidonge vya kumbukumbu kwa mama wa miaka 71: vinamfaa, au tunapoteza fedha?

Binti wa Jinja:

Ndugu zangu, nawasalimu nyote. Naandika kwa ajili ya mama yangu mzazi, mwenye umri wa miaka 71, aliyefundisha shule za msingi hapa Busoga, Uganda, kwa zaidi ya miaka 30 na ambaye hadi mwaka juzi aliyakumbuka majina ya wanafunzi wake wa zamani kila walipomsimamisha sokoni. Tangu mwaka jana hali imebadilika kidogo kidogo. Husita kabla ya kumtaja mtu anayemfahamu vizuri, huingia jikoni akasimama bila kukumbuka alichofuata, na mara mbili nimemkuta akipima mchele wa chakula cha jioni ilhali ule aliokwisha kuupima uko ndani ya sufuria, umeoshwa, unangoja kuinjikwa. Mwenyewe anaona aibu. Siku hizi anatembea na daftari dogo mfukoni mwa gomesi ambamo huandika kila jambo, hata jina la fundi aliyekuja kurekebisha bomba.

Hajawahi kupotea njia, fedha zake za pensheni anazihesabu bila kukosea, na kanisani bado ndiye anayetunza kitabu cha michango ya kikundi cha akina mama. Kwa hiyo sidhani kwamba ni ugonjwa mkubwa, ingawa moyo wangu haujatulia.

Miezi 4 iliyopita alikuja mama mmoja anayeuza virutubisho nyumba kwa nyumba, akamwachia kopo la ginkgo, kirutubisho cha majani ya mti, baadaye kopo la mafuta ya samaki, kisha la tatu lililoandikwa kwamba ni vitamini za ubongo. Yote matatu yanatugharimu shilingi 210,000 kwa mwezi, na sehemu kubwa inatoka kwenye pensheni yake. Muuzaji alituhakikishia kwamba vitu vya mimea havina madhara hata mtu akivichanganya na dawa za hospitali. Mama anatumia metformini ya kisukari kwa mwaka wa 9 sasa, amlodipini ya shinikizo la damu, na aspirini ndogo ya miligramu 75 kila asubuhi.

Ninayotaka kuuliza ni mambo mawili. Je, virutubisho hivi vinasaidia kweli kumbukumbu ya mtu mzima ambayo imeanza kufifia? Na je, yawezekana vikawa ndivyo vinavyomfanya atokwe na damu kwenye ufizi kila anapopiga mswaki, jambo ambalo halikuwapo zamani? Nauliza hili la pili kwa sababu juma lijalo ana miadi ya kung'olewa jino. Jino hilo limemtesa muda mrefu, hata nyama ameiacha na anakula matooke na mchuzi wa karanga karibu kila siku.

Mfamasia wa Mbale:

Dada yangu, naanza na swali lako la pili kwa sababu lina tarehe. Tafadhali acheni ginkgo leo hii, na kabla jino halijaguswa mpeleke mama akiwa na makopo yote matatu mkononi ili daktari wa meno ayaone kwa macho yake. Ginkgo inaweza kupunguza uwezo wa damu kuganda, na mama tayari anatumia aspirini inayofanya kazi hiyohiyo. Ufizi wenyewe huenda unavuja kwa sababu ya uchafu uliogandamana kwenye meno, hasa kwa mtu mwenye kisukari, kwa hiyo siwezi kuitupia ginkgo lawama yote. Hata hivyo, kuongeza kitu kinachochochea kutokwa na damu juu ya aspirini, siku chache kabla ya kung'oa jino, ni hatari isiyo na faida yoyote. Aspirini yenyewe msiiache kwa uamuzi wenu, kwa kuwa aliyemwandikia alikuwa na sababu, na ni daktari tu anayeweza kusema iendelee au isimamishwe.

Kuhusu faida, ginkgo ni miongoni mwa virutubisho vilivyochunguzwa kwa kina kuliko vyote. Nchini Marekani watu 3,069 wenye umri wa miaka 75 na kuendelea waligawanywa kwa bahati nasibu, nusu wakipewa miligramu 120 za ginkgo mara mbili kwa siku na nusu wakipewa vidonge visivyo na dawa, wakafuatiliwa kwa takriban miaka 6. Matokeo yalitolewa mwaka 2008: waliomeza ginkgo walipata ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu sawa na wale ambao hawakuimeza. Mafuta ya samaki nayo yalijaribiwa kwa watu zaidi ya 3,000 kwa miaka 5 hivi, na matokeo ya mwaka 2015 hayakuonyesha kwamba yanalinda akili. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, lilisema wazi kwamba vitamini B, vitamini E, mafuta ya aina hiyo na mchanganyiko wa virutubisho visipendekezwe kwa lengo la kuzuia kudhoofika kwa akili.

Msomaji anaweza kushangaa jinsi kopo lenye maneno makubwa namna ile linavyoruhusiwa kuuzwa. Kama makopo yenu yametoka Marekani, chukua miwani usome maandishi madogo ya nyuma, na utakuta sentensi inayosema kwamba bidhaa hiyo haikukusudiwa kutibu wala kuzuia ugonjwa wowote. Sheria ya huko ya mwaka 1994 haimlazimishi mtengenezaji kuthibitisha kwamba kirutubisho chake kinafanya kazi kabla hajakiingiza sokoni. Hapa kwetu, dawa husajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Dawa, NDA, lakini kopo linalopita mlango kwa mlango ndani ya mkoba wa muuzaji halimfikii mfamasia wa kuuliza mama anatumia dawa gani nyingine.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nisome barua yako mara tatu. Mama ametumia metformini kwa miaka 9, na nyama ameiacha. Metformini ni dawa nzuri na asithubutu kuiacha, lakini inajulikana kwamba huzuia utumbo mdogo kufyonza vitamini B12. Mwaka 2022 wasimamizi wa dawa wa Uingereza waliwakumbusha madaktari kwamba upungufu huo ni wa kawaida kuliko ilivyodhaniwa, na kwamba wagonjwa walio katika hatari wapimwe. Vitamini hii hupatikana katika vyakula vitokanavyo na wanyama, yaani nyama, maini, samaki, mayai na maziwa. Matooke hayana, karanga hazina, na mboga ya nakati haina. Ini huweka akiba inayoweza kutosha miaka kadhaa, ndiyo sababu upungufu huja polepole mno kiasi kwamba familia nzima huuita uzee. Mgonjwa husahau, huchoka, hupata ganzi miguuni au huhisi kama anakanyaga pamba, na wakati mwingine ulimi huwa mwekundu, laini na wenye kuuma. Kwa mwenye kisukari ganzi hiyo husingiziwa sukari, na hakuna anayetafuta zaidi.

Nakuomba basi umuulize mama kuhusu miguu yake, kisha muombe daktari kipimo cha B12 pamoja na picha kamili ya damu. Mwambieni pia daktari kwamba mama amekuwa akimeza kopo la tatu, kwa sababu kama lina B12, kiwango cha damu kinaweza kuonekana kizuri kuliko hali halisi ya mwili. Angalieni tena kama lina asidi ya foliki. Foliki nyingi inaweza kurekebisha upungufu wa damu na kuuficha, huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika kwa kukosa B12.

Mwalimu wa Tororo:

Namheshimu mfamasia, lakini naona amefunga mlango mapema mno kuhusu vitamini. Mimi ni mstaafu kama mama yako, na jambo hili nimelifuatilia kwa sababu linanihusu. Upo utafiti mkubwa wa Marekani uitwao COSMOS, ambao katika tawi lake moja watu 3,562 wenye umri wa miaka 60 na zaidi walifanya majaribio ya kumbukumbu kwa kompyuta. Waliopewa kidonge cha kila siku cha mchanganyiko wa vitamini na madini walikumbuka orodha za maneno vizuri zaidi baada ya mwaka mmoja kuliko waliopewa vidonge visivyo na kitu. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2023. Mwaka uliotangulia, tawi jingine lenye watu 2,262 wa miaka 65 na kuendelea lilikuwa limeonyesha mwelekeo huohuo kwa muda wa miaka 3. Dondoo ya kakao, iliyojaribiwa katika utafiti huohuo na ambayo ndiyo iliyotarajiwa zaidi, haikusaidia.

Sidai kwamba ni muujiza. Nasema tu kwamba haifai kumwambia mzee mwenye hofu kwamba hakuna kitu hata kimoja kilichoonyesha faida, kwa sababu si kweli. Na kidonge cha namna hiyo bei yake haikaribii hata kidogo hizo shilingi 210,000.

Mfamasia wa Mbale:

Mwalimu, umenisahihisha kwa haki, na ninakubali. Naongeza tu kwamba upo utafiti mwingine wa Marekani uliowahusu madaktari wanaume 5,947 wa miaka 65 na kuendelea, waliofuatiliwa miaka 12 wakimeza mchanganyiko wa vitamini, na akili zao hazikutofautiana na za wenzao. Maelezo moja ni kwamba madaktari wale walikuwa wakila vizuri tangu mwanzo, kwa hiyo vitamini hazikuwa na pengo la kujaza.

Hapo ndipo penye fikra ninayoishikilia. Watafiti wa Oxford, mwaka 2010, waliwapa wazee walioanza kusahau vitamini B6, B12 na foliki kwa wingi kwa miaka 2, kisha wakawapima ubongo kwa mashine ya MRI. Ubongo wa waliokuwa na kemikali iitwayo homosisteini nyingi katika damu, ambayo mara nyingi ni alama ya kupungukiwa na vitamini hizo, ulisinyaa polepole zaidi kuliko wa wenzao wasiopewa. Wale ambao homosisteini yao ilikuwa chini hawakupata faida hiyo. Kirutubisho humsaidia aliyepungukiwa nacho. Ndiyo sababu natamani familia zetu zitumie fedha kwanza kujua kilichopungua, halafu ndipo zinunue. Mama akitaka kidonge cha kawaida cha vitamini mchanganyiko, sitampinga, ila asisahau kwamba B12 iliyomo ni kidogo, na kama amepungukiwa kweli haitatosha.

Mzee wa Bombo:

Assalamu alaikum, mwanangu. Mimi nina miaka 74, na nitakueleza yaliyonipata kwa sababu huenda mama yako anapitia jambo linalofanana na langu bila ninyi kujua.

Kwa karibu miaka miwili nilikuwa nasahau kiasi kwamba nilianza kuepuka mikutano ya ukoo. Ningeanza kusimulia habari, katikati uzi ukakatika, na vijana wangenitazama kwa huruma iliyoniumiza kuliko usahaulifu wenyewe. Nilinunua vidonge vya kila namna. Nikanywa na unga wa mlonge asubuhi na jioni. Siku moja binti wa ndugu yangu, ambaye ni muuguzi, alilala kwetu, akaona pembeni ya kitanda changu pakiti ya vidonge vidogo vya manjano vya Piriton. Nilikuwa navimeza kila usiku kwa sababu vumbi la barabara yetu hunifanya nipige chafya, na zaidi kwa sababu viliniletea usingizi. Akaniuliza nimevitumia kwa muda gani. Nilipomjibu alikaa kimya kidogo, kisha akanieleza kwamba dawa hiyo huzuia kemikali ambayo ubongo huitumia katika kukumbuka, na kwamba mwili wa mzee huchelewa kuitoa.

Tuliiacha kwa ushauri wa daktari, nikabadilishiwa nyingine isiyoleta usingizi. Haikuwa siku moja. Baada ya kama wiki tatu, mke wangu ndiye aliyegundua kwamba sikumuuliza tena swali moja mara mbili kwa jioni moja. Majina bado yananitoroka mara kwa mara, na hilo nimelikubali, lakini lile giza la mchana kutwa limeondoka. Kwa hiyo, mwanangu, funga mlango wa chumba, kaa na mama yako, mwambie kwa upole atoe kila kidonge alicho nacho, hata vile vya mafua na vya maumivu ya mgongo alivyonunua mwenyewe dukani, na mviandike vyote kwenye lile daftari lake.

Muuguzi wa Arua:

Mzee wetu amesema neno zito. Vidonge vya usingizi kama diazepamu, na amitriptilini ambayo watu hupewa kwa maumivu ya mishipa, vinaweza kuleta hali hiyohiyo, ila visiachwe ghafla bila daktari.

Mimi naomba mama apimwe masikio pia. Katika kliniki yetu nimewaona wazee kadhaa walioletwa kwa sababu ya kusahau, kumbe jambo lenyewe hawakulisikia vizuri tangu mwanzo, na mmoja wao alihitaji tu kuondolewa nta iliyoziba masikio yote mawili. Mwaka 2024 tume ya jarida la kitabibu la Lancet iliyochunguza suala hili ilitaja mambo 14 yanayoweza kurekebishwa, ikakadiria kwamba karibu asilimia 45 ya ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu duniani ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa kama yote yangeshughulikiwa. Upungufu wa kusikia umo, na wa kuona, shinikizo la damu, kisukari, lehemu mbaya, uvutaji wa sigara, upweke na msongo wa huzuni. Kwa mama mwenye presha na sukari, kuhakikisha vidonge vya amlodipini havikosekani nyumbani kuna thamani kuliko kopo lolote la ubongo.

Daktari atakapomwona, ni vyema aagize pia kipimo cha tezi ya shingo, cha kaswende na cha virusi vya Ukimwi, bila mama kuona kwamba anadharauliwa, maana hayo yote hugusa akili na yote yana tiba. Na kama siku moja atapotea kwenye njia aliyoizoea, au atashindwa na hesabu za kikundi alizozitunza miaka yote, au tabia yake itabadilika ghafla, msingojee miadi.

Kuhusu chakula, wakati jino linapona mpikieni mukene, yaani dagaa, waliosagwa mkachanganya na mchuzi wa karanga anaoupenda. Hawahitaji kutafunwa, na wana hiyo B12 aliyoitaja mfamasia.

Binti wa Jinja:

Wapendwa, zimepita wiki tatu na naona ni haki yenu kujua. Nilifuata ushauri wa kwenda na makopo. Daktari wa meno alisoma lile la ginkgo, akaahirisha kazi kwa siku kumi, akasema aspirini iendelee. Jino limetoka, na damu ilikoma baada ya mama kuuma pamba kwa muda wa kawaida. Ufizi wake pia ulisafishwa, na kweli ulikuwa na uchafu mwingi.

Mzee wangu wa Bombo, tulikaa na mama chumbani kama ulivyosema. Piriton hatukuikuta, ila ndani ya mkoba wake kulikuwa na omeprazoli aliyoshauriwa na jirani kwa kiungulia, na ameimeza karibu mwaka mzima. Daktari alituambia kwamba nayo, kwa kupunguza asidi ya tumbo, huzuia B12 iliyo kwenye chakula isiachiliwe, kwa hiyo zilikuwa dawa mbili zinazovuta upande mmoja.

Nilipomuuliza kuhusu miguu, aliniangalia kwa mshangao, akasema kwamba tangu mwaka jana amekuwa akivaa soksi usiku kwa sababu nyayo zake zimekufa ganzi, lakini hakutaka kutusumbua. Majibu ya maabara yalikuja Jumanne: B12 yake ni pikogramu 148 kwa mililita, na maabara hiyo huhesabu chini ya 200 kuwa ni upungufu. Kopo la tatu, tulipolisoma, lilikuwa na mikrogramu 6 tu za B12 katika kila kidonge, pamoja na foliki. Ameanza sindano za haidroksokobalamini, aina ya B12, siku moja anachomwa na inayofuata anapumzika, na tarehe zake ameziandika mwenyewe kwenye daftari, akiweka alama kwa kalamu nyekundu kila anapochomwa, kama alivyokuwa akisahihisha madaftari ya watoto.

Daktari ametuonya tusitarajie makubwa kwa haraka, na kwamba kama mishipa imekaa muda mrefu bila B12 huenda isirudi yote. Kuhusu kumbukumbu, bado sioni tofauti ninayoweza kuiapia. Ganzi imeshuka kidogo kutoka kifundoni, anasema, na jana usiku alilala bila soksi.